Sumu Tumeiita Dawa

Wiki iliyopita kwenye grupu la familia uliingia ujumbe wa sauti, ule umefowadiwa mara nyingi, wenye mishale miwili. Jamaa anahema kama anakimbizwa, anasema ati mahindi yanayoshushwa hapa Kilindini yana sumu ya wadudu ndani ya punje. Mdudu akila anapasuka tumbo, na sisi tukila tutapasuka vile vile. Mwisho anaomba utume kwa watu kumi kabla hujalala.

Mama mdogo wa Changamwe akautuma. Shangazi wa Kiembeni akautuma. Hata binamu yangu aliyepata A ya bayolojia akautuma, na vikaragosi vitatu vya kulia.

Jioni hiyo hiyo, watu hao hao walikula sima na sukuma. Mimi pia nilikula. Tofauti ni kwamba mimi najua sukuma hizi zinalimwaje, manake nimewahi kushika bomba.

Basi leo nataka tugombane kidogo. Mimi nasema hivi: Mombasa nzima tunamuogopa bakteria asiyetuweza, na sumu yenyewe tunaila kila jioni na tunaiita dawa.

Nianze na Mtongwe.

Mjomba wangu ana kishamba Mtongwe, upande wa Likoni. Si shamba la kupigia picha. Ni matuta ya sukuma, mchicha, bilinganya kidogo na kisima cha maji ya chumvichumvi. Anawauzia kina mama mboga wanaopanga meza karibu na feri. Mwaka jana nilikaa naye wiki tatu nikiwa sina kazi.

Siku moja jioni nikamkuta anachanganya dawa mbili kwenye bomba, moja nyeupe kama maziwa, nyingine ya unga.

"Mjomba, hizo zinachanganywa kweli?"

"Mwanangu, moja peke yake haiui tena. Wadudu wamezizoea. Muuzaji kaniambia nitie zote mbili."

Hana glavu. Hana barakoa. Mdomoni amejifunga fulana ya kampeni, ya mgombea aliyeshindwa. Akapiga matuta yote ya sukuma, akaosha mikono kisimani, akaenda kuswali. Usiku kichwa kikawa kinamgonga na macho yameingia ukungu. Nikamwambia twende hospitali. Akanijibu, "Ni jua tu hilo, litapoa."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano alfajiri mama mboga akaja na gunia lake, tukavuna.

Nilisoma lebo ya ile nyeupe kwa tochi ya simu. Inasema ungoje siku saba baada ya kupiga ndo uvune. Maandishi ni madogo kama mayai ya chawa, na yote ni ya Kiingereza. Mjomba aliacha shule darasa la tano. Sasa alaumiwe nani? Duka sitalitaja, wala dawa sitaitaja. Hilo si duka moja na huyo si mkulima mmoja, kwa hivyo msimtafute mtu wa kumpiga mawe.

Lakini litazame hilo neno lenyewe. Dawa. Neno lile lile la kikohozi cha mtoto. Kitu kinachoua kila kinachotembea kwenye tuta tumekipa jina la kitu kinachoponya, halafu tunashangaa mkulima anakishika kwa mikono mitupu. Nani anavaa glavu kushika dawa?

Na huyo mdudu anayefanya mtu achanganye vitu kama mganga ni nani? Ni kiwavi mdogo wa kijani. Ukimgusa anajipinda kwa fujo, anajiachia na kuning'inia kwa uzi. Akikua anageuka kinondo cha kijivu chenye alama kama almasi mgongoni. Wataalamu wanamuita Plutella xylostella. Anapenda kabichi, sukuma na jamaa zao wote. Mwaka 1953, kule Java, huyu ndiye mdudu wa kwanza wa mazao kuripotiwa kuizoea DDT. Tangu wakati huo kila kemikali mpya akipewa miaka kadhaa anaizoea. Ukishindana naye kwa kuongeza sumu, atakayeanguka kwanza ni wewe.

Sasa twende kwa bakteria.

Anaitwa Bacillus thuringiensis, kwa kifupi Bt. Hakutengenezwa na mtu. Anaishi kwenye udongo, kwenye majani, kwenye vumbi la maghala ya nafaka. Mwaka 1901 Mjapani Ishiwata Shigetane alimkuta kwenye viwavi wa hariri waliokuwa wanakufa ghafla. Mwaka 1911 Mjerumani Ernst Berliner akamkuta kwenye viwavi wa nondo wa unga, katika jimbo la Thuringia, na hapo ndo jina lilipotoka. Ufaransa ilianza kumuuza kama kiua viwavi mwaka 1938. Yaani babu zetu walikuwa hawajaoa.

Anafanyaje kazi? Chakula chake kikiisha, bakteria huyu anajifungia kwenye ganda gumu angoje siku njema, na pembeni anaacha fuwele ya protini. Fuwele hiyo ikiwa peke yake haifanyi kitu. Ni kama simiti iliyo kwenye mfuko: unaweza kuikalia mwaka mzima, mpaka ikutane na maji.

Maji yake ni tumbo la kiwavi. Mle ndani ni magadi matupu, pH ya 9, 10, hata zaidi. Kiwavi akila jani lenye fuwele, fuwele inayeyuka kwenye yale magadi. Vimeng'enya vya kiwavi mwenyewe vinaikata, kinabaki kipande kikali. Kipande hicho kinatafuta vishikio maalumu kwenye ukuta wa utumbo, kinajishika, kinaungana na wenzake, wanatoboa. Chembe za utumbo zinajaa maji na kupasuka. Saa chache tu na kiwavi ameacha kula. Siku mbili, tatu, hivi, amekufa.

Sasa wewe na mimi. Tumbo letu ni ndimu, si magadi. Protini hiyo ikiingia inasagwa kama protini ya mbaazi za asubuhi. Na hata ingefika salama, ukuta wa utumbo wetu hauna vile vishikio vya kujishika. Simiti haijapata maji, na hata fundi hayuko.

Kwa hivyo yule jamaa wa ujumbe wa sauti hakusema uongo wote. Kiwavi anapasuka utumbo kweli. Alichokosa ni sababu, na sababu ndo kila kitu. Muarobaini unamtesa mdudu na bibi anakunywa maji yake. Swali la maana haliwi "je, inaua?" Swali ni inaua nani, na kwa njia gani.

Linganisha na klorpirifosi, dawa iliyouzwa Kenya miaka na miaka. Hiyo haijali tumbo lako ni magadi au ndimu. Inavuruga mawasiliano ya neva, na neva za kiwavi na neva za Mjomba zinatumia kimeng'enya kile kile. Umoja wa Ulaya uliikataa mwaka 2020. Mwaka 2025 ikaingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm, orodha ya kemikali ambazo dunia imekubaliana kuziondoa. Hiyo mbona haina ujumbe wa sauti? Mbona hakuna aliyetutumia vikaragosi vya kulia?

Sikuishia kusoma. Nilitafuta Bt yenyewe. Nilizunguka maduka manne ya kilimo ndo nikapata pakiti moja, imekaa nyuma kabisa ina vumbi. Muuzaji akaniambia wazi: "Hii haitoki. Watu wanataka kitu ukipiga leo, mdudu aanguke leo."

Tukapiga jioni, manake jua huivunja ile protini upesi. Tukapiga na chini ya majani, huko ndo viwavi wanakaa. Hii pia si maji ya kunywa, unga wake ukiingia machoni utawasha, kwa hivyo nilimlazimisha Mjomba avae barakoa.

Asubuhi viwavi wote wako hai. Mjomba akanicheka mpaka akakaa chini. "Daktari, wagonjwa wako wameamka salama!"

Lakini nikamwonyesha kitu. Hakukuwa na matundu mapya. Walikuwa wapo, lakini hawali. Siku ya tatu wamelegea, wamekuwa weusi, ukiwagusa wanamomonyoka. Wale wakubwa wakubwa wengine walipona, tukarudia baada ya siku tano. Sitawadanganya kwamba ni muujiza. Bt inataka uwawahi viwavi wakiwa wadogo, inataka kurudiarudia, na ile pakiti ilikuwa ghali kuliko chupa ya maziwa. Lakini wiki hiyo Mjomba hakuumwa kichwa. Na mama mboga alipokuja, niliweza kumtazama usoni.

Tena haya si mambo ya Mtongwe peke yake. Nenda Kongowea, utakuta kabichi zilizoteremka kutoka milima ya Taita. Mwaka 2002, huko Werugha, watafiti wa icipe walimwachilia nyigu mdogo aliyeletwa kutoka Taiwan, Diadegma semiclausum. Kazi yake ni kutaga yai ndani ya yule yule kiwavi wa almasi. Viwavi wakapungua, na wakulima wakapunguza kupiga bomba. Nyigu wa aina hii anaweza kufanya kazi shamba moja na Bt, manake Bt inamtaka kiwavi tu. Ukileta ile nyeupe kama maziwa, nyigu anakufa pia, na msimu unaofuata umebaki na kiwavi sugu asiye na adui. Hapo ndo unarudi dukani kununua mbili uchanganye. Umeiona biashara ilivyo tamu? Kitu kisichomaliza tatizo kinauzwa kila wiki.

Najua komenti inayoandikwa sai: "Hio ni ya kupuliza, sisi tunaongelea GMO. Usituchanganye."

Haya, sichanganyi. Tuiongelee.

Bt ya kupuliza ina udhaifu mbili. Jua na mvua zinaiondoa, na haimfikii mdudu aliyejificha. Hapa Pwani mahindi yana mdudu bua, Chilo partellus, anayetoboa shina na kuishi humo ndani. Upulize mpaka uchoke, yeye yuko chumbani amefunga mlango. Ndo watafiti wakachukua jeni ya ile protini wakaitia kwenye mmea, ili mdudu aikute huko huko ndani. KALRO wamejaribu mahindi ya namna hiyo hapa Kenya. Pamba ya Bt iliidhinishwa na Baraza la Mawaziri Desemba 2019, ikaanza kupandwa 2020.

Na tuliogopeshwaje? Novemba 2012 serikali ilipiga marufuku vyakula vya GMO, baada ya utafiti wa Mfaransa Gilles-Éric Séralini ulioonyesha panya wenye uvimbe mkubwa. Zile picha bado zinazunguka kwenye simu zenu. Mwaka mmoja baadaye jarida lililouchapisha likauondoa. Na tena skiza hii: mahindi waliyolishwa wale panya yaliitwa NK603. Hayo yametengenezwa yavumilie dawa ya kuua magugu. Hayana protini ya Bt hata chembe! Kwa hivyo mtu akikuonyesha wale panya kuthibitisha kwamba Bt inaua, ni kama kukuonyesha ajali ya matatu ili uogope kupanda feri.

Marufuku iliondolewa Oktoba 2022. Je, serikali ilikaa na wananchi ikaeleza kama nilivyoeleza hapa na mfano wa magadi? Wapi! Mwezi uliofuata Moses Kuria, wakati huo Waziri wa Biashara, alitania mbele ya kamera kwamba Kenya tayari kuna mambo mengi ya kumuua mtu, kwa hivyo kuongeza GMO kwenye orodha si neno. Waziri! Halafu mnashangaa watu wanaamini ujumbe wa sauti. Ukimdharau mtu mbele ya sahani yake, atamsikiliza yeyote anayeonekana kumjali, hata kama huyo anamdanganya. Mambo yakaenda kortini, na Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikatoa amri ya kusimamisha mpaka rufaa isikizwe.

Sasa wale mnaopinga, hapa nawapa haki yenu, manake mnayo.

Mkiuliza mbegu ni ya nani, mko sawa. Mkulima akilazimika kurudi kwa kampuni kila msimu, hilo ni tatizo la kweli. Burkina Faso walianza kulima pamba ya Bt mwaka 2008, kufika 2016 wakaiacha. Hakuna aliyepasuka tumbo. Nyuzi zilikuwa fupi, pamba yao ikapoteza sifa sokoni, na hasara ikawa yao.

Mkisema wadudu wataizoea, mko sawa pia. Yule yule kiwavi wa almasi alionekana ameizoea Bt ya kupuliza huko Hawaii, na taarifa zikachapishwa 1990. Afrika Kusini mdudu bua mwingine, Busseola fusca, aliyazoea mahindi ya Bt. Ndo maana panatakiwa kupandwe sehemu isiyo na Bt karibu, ili nondo wasiozoea wabaki wa kuoana na waliozoea. Nani atamfundisha hilo mkulima wa robo eka? Hilo ni swali la kuipigia serikali kelele.

Lakini huo ni ugomvi wa mbegu: nani anamiliki, nani anafaidi, nani anafundisha. Mkiuvisha nguo za ugomvi wa sumu mnajiumiza wenyewe. Kwanza, siku mtu akithibitisha kwamba protini haidhuru, hoja yenu yote inaanguka, hata ile iliyokuwa ya haki. Pili, mkulima anayesikia "Bt ni sumu" anaiogopa hata ile pakiti ya unga, ambayo haina GMO, haina kampuni ya mbegu, na inaruhusiwa hata kwenye kilimo hai. Anarudi kwa maziwa. Mnapiga kelele dhidi ya sumu, na kelele zenyewe zinauza sumu.

Rachel Carson, yule mama Mmarekani aliyeandika Silent Spring mwaka 1962 na kuishtaki DDT mbele ya dunia nzima, kwenye kitabu hicho hicho aliitaja Bt kama mojawapo ya njia za kutokea. Mtu aliyefundisha dunia kuogopa dawa za wadudu alijua kutofautisha. Sisi tuna intaneti mfukoni na hatujui?

Basi mimi nadai hivi.

Kilimo kimekuwa kazi ya kaunti tangu 2013. Kaunti ya Mombasa ipime mabaki ya dawa kwenye mboga za Kongowea na ibandike matokeo getini, kwa Kiswahili, ambapo mama mboga na mteja wote watasoma. Afisa wa kilimo aonekane Mtongwe, Mwakirunge na Miritini, si kwenye semina za hotelini tu.

Lebo ziwe za Kiswahili, na siku za kungoja kabla ya kuvuna ziandikwe kubwa kama bei. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kuondoa makumi ya dawa hatari sokoni. Vizuri. Lakini ukimnyang'anya mtu panga, mpe jembe. Bt iletwe mbele ya kaunta, na bei iangaliwe.

Na sisi tulio na simu. Ukinunua sukuma, muulize mama mboga kwa heshima: "Mama, hii imepigwa lini?" Hatajua. Lakini tukiuliza mia, atamuuliza mkulima. Mkulima akiulizwa mara kumi, atasoma lebo, au atamwita mwanawe amsomee. Na ule ujumbe wa sauti ukija tena, usiutume kwa watu kumi. Piga picha lebo ya kile kinachotumika shambani kwenu, uitume hiyo.

Mjomba alinipigia Jumapili. Hakuniuliza habari za kazi wala za mama. Baada ya salamu alisema tu: "Mwanangu, viwavi wamerudi. Niletee ule unga wa wagonjwa wako."

Pale nilipoununua mara ya kwanza wameacha kuuleta, ati hautoki. Anayejua duka Likoni au Ukunda lenye Bacillus thuringiensis aandike hapa chini. Matusi pia yaandikwe, nitayasoma, lakini duka kwanza.